Shahidi Mmoja Hatoshi: Mzizi wa Jino na Amri ya Ukweli

Ipo sentensi moja inayozunguka sana katika nyumba za Wakristo: kwamba wanasayansi wanasema binadamu alitokana na nyani. Husemwa mezani mtoto anapofungua daftari lake la baiolojia, husemwa katika semina za vijana, na mara nyingine husemwa mimbarani, ikifuatwa na kicheko cha washarika. Kicheko kikiisha, mtoto hubaki na swali lake kama lilivyokuwa. Shuleni ameonyeshwa picha za mataya na meno ya kale. Kanisani ameona kwamba mambo hayo ni ya kuchekwa. Anaelewa kuwa anatakiwa kuchagua upande. Wapo wanaochagua, na baada ya miaka michache hatuwaoni tena ibadani.

Hatuandiki hapa ili kumaliza ubishi kati ya kitabu cha Mwanzo na kitabu cha baiolojia. Swali letu ni dogo zaidi, nalo ni la maadili: amri inayotukataza kushuhudia uongo inatudai nini tunapozungumza juu ya asili ya mwili wa binadamu? Ili tusipotee katika maneno makubwa, tumechagua kitu kidogo tunachoweza kukitazama kwa utulivu, yaani mzizi wa jino.

Kila aliyewahi kung'olewa gego anajua kwamba jino linaloonekana kinywani ni nusu ya habari. Juu ya fizi lipo taji, linalotafuna. Chini ya fizi upo mzizi, uliozama katika mfupa wa taya. Meno ya mbele huwa na mzizi mmoja mmoja. Magego makubwa ya chini kwa kawaida yana mizizi miwili, na ya juu mitatu. Kati ya chonge na magego makubwa yapo magego madogo, mawili kila upande, juu na chini, na hayo ndiyo yenye habari yetu. Kwa binadamu, magego madogo ya chini kwa kawaida yana mzizi mmoja. Kwa sokwe mtu na gorila, magego hayo hayo kwa kawaida yana mizizi miwili iliyoachana, na yale ya juu huwa na mitatu.

Wanaochunguza mabaki ya kale wanaithamini mizizi kwa sababu hudumu. Taji husagika kwa kula na huvunjika kwa urahisi, lakini mzizi hukingwa na mfupa unaouzunguka. Siku hizi zipo mashine za skani zinazopiga picha nyingi za eksirei mfululizo, kisha kompyuta huziunganisha, na mzizi ukaonekana pande zote bila taya kuvunjwa. Kwa hiyo taya bovu lililokaa kabatini miaka mingi linaweza kuitwa tena kutoa ushahidi.

Taya moja la namna hiyo lilipatikana Pyrgos Vassilissis, karibu na Athens nchini Ugiriki, mwaka 1944, askari wa Ujerumani walipokuwa wakichimba handaki la vita. Mwaka 1972 kiumbe huyo akapewa jina la kitaalamu, Graecopithecus freybergi. Taji za meno yake zimeharibika vibaya, hivyo kwa muda mrefu taya hilo halikuwa na mengi ya kusema. Mwaka 2017 kundi la watafiti, akiwamo Madelaine Böhme wa Chuo Kikuu cha Tübingen nchini Ujerumani, lilitangaza matokeo ya kulipiga skani, pamoja na gego dogo moja lililopatikana Azmaka nchini Bulgaria. Waliona kwamba mizizi ya magego madogo imeungana kwa kiasi kikubwa, jambo linalofanana zaidi na ukoo wa binadamu kuliko sokwe. Umri wa mabaki hayo waliukadiria kuwa miaka milioni 7.2 hivi. Wakapendekeza kwamba huenda kiumbe huyu alikuwa wa upande wetu, baada ya ukoo wa binadamu kuachana na ule wa sokwe mtu, na kwamba huenda kuachana huko kulitokea kusini-mashariki mwa Ulaya, wala si Afrika.

Tulitazame hilo neno "huenda". Kichwa chenyewe cha makala yao ya kitaalamu kilibeba neno la uwezekano. Lakini habari ilipofika magazetini, neno hilo lilianguka njiani. Vipo vichwa vya habari vilivyotangaza kwamba chimbuko la binadamu ni Ulaya, si Afrika. Mizizi ya meno machache ikabebeshwa mzigo wa mabara mawili.

Wanasayansi wengine walipinga mara moja. Walisema kwamba umbo moja la mzizi linaweza kujitokeza zaidi ya mara moja katika koo mbalimbali, kwa sababu chakula kikibadilika na taya likibadilika, mizizi inayobeba nguvu ya kutafuna nayo hubadilika. Zaidi ya hayo, hata ndani ya ukoo wa binadamu mizizi haifuati mstari ulionyooka. Ushahidi wa hili uko kwetu. Tarehe 17 Julai 1959, katika bonde la Olduvai, Mary Leakey aliliona fuvu lililopewa jina la Zinjanthropus, lenye umri wa miaka milioni 1.75 hivi, ambalo limehifadhiwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Mwaka 1964 Kamoya Kimeu, Mkenya, akapata taya la chini la jamii hiyo hiyo huko Peninj, karibu na Ziwa Natron. Wataalamu huiweka jamii hiyo upande wa binadamu, ingawa kama ndugu wa pembeni na si babu yetu. Hata hivyo magego madogo ya chini ya jamii hiyo yalinenepa yakafanana na magego makubwa, yakawa na mizizi miwili mipana. Basi mwenye mizizi miwili anaweza kuwa wa upande wetu, na mwenye mizizi iliyoungana anaweza asiwe.

Hapa tunakumbuka sheria iliyoandikwa katika Kumbukumbu la Torati sura ya 19. Mtu hakuhukumiwa kwa neno la shahidi mmoja; walitakiwa wawili au watatu. Sheria hiyo haikusema kwamba shahidi mmoja ni mwongo. Huenda anasema kweli tupu. Ilisema tu kwamba neno lake peke yake halitoshi kubeba hukumu. Mzizi wa Graecopithecus ni shahidi wa namna hiyo. Hatuna sababu ya kumwita mwongo. Anasema alichonacho: kwamba zamani sana, katika nchi ya Ugiriki, alikuwapo kiumbe wa jamii ya sokwe ambaye mizizi ya magego yake madogo iliungana. Anayemlazimisha kusema kwamba Afrika si chimbuko la binadamu anamwekea maneno kinywani.

Tunawasifu watafiti kwa jambo moja ambalo sisi watu wa kanisa tungefaa kuliiga. Waliosema "huenda" waliliandika waziwazi. Waliopinga walipinga kwa hoja, na taya lenyewe lipo kwa anayetaka kulikagua. Louis Leakey, mume wa Mary, hapo kwanza aliamini kwamba Zinjanthropus ndiye aliyechonga zana za mawe za Olduvai. Mabaki mengine yalipopatikana bondeni humo, yaliyopewa jina la Homo habilis mwaka 1964, akaibadilisha kauli yake mbele ya ulimwengu. Naye hakuwa mgeni kwetu. Alizaliwa mwaka 1903 Kabete, karibu na Nairobi, katika nyumba ya wamisionari wa Kianglikana, na baba yake, Harry Leakey, alishiriki kazi ya kuitafsiri Biblia kwa Kikikuyu. Elimu hii ya mifupa na meno haikukulia mbali na kengele za kanisa kama tunavyodhani.

Lakini uongo una milango miwili. Mmoja ni kuongeza, kama magazeti yale yalivyofanya. Wa pili ni kupunguza, na huo ndio tunaoupitia sisi.

Turudi kwenye sentensi ya nyani. Nyani tunamfahamu. Ana mkia, huvamia mashamba ya mahindi, na mkulima akimwona hupiga kelele. Hakuna mtaalamu wa mageuko anayesema kwamba huyo ndiye babu wa binadamu. Wanamweka katika tawi jingine kabisa, pamoja na tumbili. Mwaka 2013 watafiti wakiongozwa na Nancy Stevens walitangaza mabaki mawili kutoka bonde la Rukwa, kusini-magharibi mwa Tanzania, yenye umri wa miaka milioni 25 hivi. Mmoja, Rukwapithecus, ni wa upande wa sokwe. Wa pili, Nsungwepithecus, ni wa upande wa nyani na tumbili. Wote wawili walitambuliwa kwa vipande vya mataya na meno yao. Maana yake, kwa hesabu ya wataalamu, matawi hayo mawili yalikuwa yamekwisha kuachana zamani hizo. Hata sokwe wa Gombe na Mahale hawaitwi mababu zetu. Wanachosema wanasayansi ni kwamba sisi na sokwe mtu tuna mababu wa pamoja waliokwisha kutoweka.

Mtu anaweza kulikataa hilo. Anayo haki ya kuuliza na kubisha. Asichokuwa na haki nacho ni kulinukuu vibaya ili lichekeshe. Amri ya ushahidi imetaja jirani, na jirani hapa ni mwalimu wa baiolojia, ambaye pengine Jumapili huketi benchi la tatu na kuimba kwaya. Tunapomwekea kinywani maneno asiyoyasema, kisha tukayacheka, tumemshuhudia uongo, na utakatifu wa mahali tulipolisemea hilo haupunguzi kosa.

Kuna upunguzaji wa aina nyingine, uliofichika zaidi. Msikilizaji wa habari ya Graecopithecus anaweza kusema: "Mnaona? Wenyewe kwa wenyewe hawaelewani. Wanajenga ghorofa juu ya jino moja." Ni kweli kwamba wanabishana. Lakini wanabishania mahali pa kuliweka tawi moja dogo, si kama mti upo. Kuhusu undugu wa miili yetu na sokwe, hawategemei mzizi mmoja. Wanalinganisha mifupa ya mikono na nyonga, mafuvu, umri wa tabaka za miamba, na maandishi ya urithi yaliyomo ndani ya chembe za mwili, na mashahidi hao, waliohojiwa mbalimbali, wanaelekea upande mmoja. Sheria ya mashahidi wawili au watatu hukata kuwili. Inatukataza kuhukumu kwa neno la mmoja. Na mashahidi wanapokuwa wengi na kukubaliana, inatukataza kujifanya tumemsikia mmoja tu.

Jambo hili halikuanza leo. Agostino wa Hippo, askofu wa Afrika ya Kaskazini, alipoandika ufafanuzi wake mrefu wa kitabu cha Mwanzo, alionya juu ya Mkristo anayezungumza kwa ujinga habari za mbingu, nchi na wanyama mbele ya watu wasioamini wanaozifahamu habari hizo. Hofu yake haikuwa kwamba Mkristo huyo ataaibika. Alihofu kwamba wasikilizaji, wakiona amekosea katika mambo wanayoweza kuyapima, hawatayaamini Maandiko yanapozungumza juu ya ufufuo na uzima wa milele. Agostino hakujua lolote kuhusu skani wala Graecopithecus, ila alimjua binadamu.

Hata hivyo hatutatenda haki tukidhani kwamba wanaocheka wanacheka kwa ukaidi tu. Wengi wana hofu, na hofu yao ina msingi. Wanauliza: kama mwili wangu una undugu na sokwe, utu wangu unabaki wapi? Nani atanizuia nisitendewe kama mnyama?

Historia inaonyesha kwamba swali hilo si la kubuni. Ota Benga alikuwa kijana Mmbuti kutoka Kongo, aliyepelekwa Marekani kwa maonyesho ya St. Louis ya mwaka 1904. Meno yake yalikuwa yamechongwa ncha kali, kama ilivyokuwa desturi ya watu wake. Wamarekani waliyatazama meno hayo wakayafanya ushahidi kwamba ni mla watu. Septemba 1906 akawekwa katika nyumba ya nyani ya bustani ya wanyama ya Bronx, New York, pamoja na orangutani, na umati ukamiminika kumtazama. Waliosimama kumtetea walikuwa wachungaji Weusi wa Kibaptisti, wakiongozwa na James H. Gordon. Walipinga mpaka akatolewa, naye Gordon akampokea katika makao ya yatima aliyoyasimamia Brooklyn. Baadaye Ota Benga alipelekwa Lynchburg, Virginia, na meno yake yakafunikwa ncha zisionekane. Hakurudi Kongo. Machi 1916 alijiua.

Ndivyo jino linavyoweza kutumiwa kumnyang'anya mtu utu wake. Wachungaji wale pia waliyapinga mafundisho ya Darwin, wakiona kwamba maonyesho yale yalikusudiwa kuyaunga mkono, na hatushangai, kwa maana walikuwa wameonyeshwa mafundisho hayo yakiwa yamevishwa vizimba. Lakini tuangalie walichosimamia. Hawakubishana juu ya umbo la meno ya Ota Benga. Walisema kwamba yeye ni mtu mwenye roho, na hilo lilitosha. Kosa la wenye bustani halikuwa kuyatazama meno kwa makini mno. Lilikuwa kuyafanya meno hakimu wa jambo lisilo katika uwezo wake.

Mizizi yenyewe inaonyesha upumbavu wa hakimu huyo. Hata leo binadamu hatulingani. Gego dogo la kwanza la juu lenye mizizi miwili ni la kawaida zaidi kwa Waafrika wa kusini mwa Sahara kuliko kwa watu wa Asia ya Mashariki. Gego kubwa la chini lenye mizizi mitatu huonekana zaidi kwa watu wa Asia ya Mashariki kuliko kwetu. Ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kutofautiana. Ukiulizwa ni nani kati yao aliye mtu zaidi, utaona kwamba swali lenyewe ni la aibu.

Kitabu cha Mwanzo kinatukumbusha kwamba Mungu aliufanya mwili wetu kwa mavumbi ya ardhi. Mavumbi yako chini kuliko sokwe. Kama utu wetu ungetegemea ubora wa malighafi, tungekuwa tumeupoteza tangu sura ya pili. Thamani yetu imetoka kwa Aliyetufanya, kwa pumzi yake na kwa mfano wake aliotuwekea. Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Anayeitazama ngalawa hamdharau fundi kwa kusikia kwamba ubao wake ulitoka katika mti uliokua taratibu kwa miaka mingi. Imani yetu inasema zaidi ya hapo: Neno wa milele alipouvaa mwili wa binadamu, aliuvaa wote, na taya lake, na magego yake yenye mizizi. Baada ya kufufuka alikula samaki mbele ya wanafunzi wake. Mwili ambao Mwana wa Mungu hakuuonea haya, sisi hatuna haja ya kuuficha ukoo wake.

Yapo maswali ambayo hayajatulia. Adamu tumwelewe vipi? Kifo na dhambi viliingiaje? Wakristo wanyofu wanajibu kwa namna mbalimbali, na kusanyiko lenye upendo linaweza kuzibeba tofauti hizo. Lisiloweza kubeba ni uongo, hata uliosemwa kwa nia ya kuitetea imani, kwa sababu Mungu tunayemtetea ni Mungu wa kweli.

Basi mtoto anapokuja na daftari lake, tumwombe kwanza atueleze mwalimu amesema nini hasa, nasi tulirudie kwa haki hata kama tuna la kupinga. Palipoandikwa "huenda" tusome "huenda". Ushahidi ukiwa mdogo tuseme ni mdogo. Ukiwa mwingi tusiufiche. Na katika yote ajue kwamba hakuna taya litakalochimbwa Rukwa, Olduvai wala Ugiriki litakalompunguzia upendo wa Mungu wala nafasi yake katika nyumba hii.

Kanisa liliitwa kuwa shahidi. Mzizi wa jino unaweza kupigwa picha, ukapimwa, ukakaguliwa na yeyote. Tukishindwa kusema kweli juu yake, nani atatuamini tunapomshuhudia Yeye ambaye wanawake walilikuta kaburi lake tupu asubuhi ile?